Mvuke Upo: Miaka Thelathini na Minne ya Mzee Masizi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, mtunza boila wa hospitali yetu atamkabidhi afisa utumishi kishada cha funguo kumi na moja, na hapo atakuwa amemaliza miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Kati ya funguo hizo, saba hazifungui kitu chochote siku hizi. Amesema atazikabidhi zote vilevile, kwa sababu alipokea kumi na moja na hataki kuja kuambiwa uzeeni kwamba aliondoka na funguo za watu.

Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili, refu na zuri. Humu ndani anaitwa Mzee Masizi, na ukimwulizia getini kwa lile jina la kwenye karatasi, mlinzi atakuapia kwamba mtu huyo hayupo. Jina la Masizi nilimpa mimi. Nalisema mapema ili asije mtu mwingine akajisifu nalo leo ukumbini.

Mimi ni msimamizi wa idara ya ufuaji. Waandalizi wa shughuli hii walitaka wasifu uandikwe na mkuu wa ufundi, mtu mpole mwenye lugha laini. Mzee Masizi akakataa katakata. Alisema aandike Mama Mashuka, maana huyo ndiye aliyemsema kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote, basi na amsifu angalau mara moja kabla hajaondoka. Mama Mashuka ndiye mimi. Haya kaka, nakusifu, ingawa si kazi niliyoizoea.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, kibarua wa kusukuma mapipa ya dizeli. Mwaka wa tatu akawa msaidizi wa boila, mwaka wa sita akakabidhiwa boila lenyewe. Kwa wageni ambao hawakulikuta, lilikuwa dude la chuma kubwa kuliko chumba cha daktari wa zamu, limejaa maji, chini yake unawaka moto wa dizeli. Mvuke wake ulikwenda kwa mabomba mpaka jikoni, mpaka kwetu ufuaji, na mpaka chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Boila likinuna, hospitali nzima inanuna: hakuna uji, hakuna shuka, hakuna kisu kisafi. Kwa hiyo Mzee Masizi alifika kila siku alfajiri kuliwasha, na kufika saa moja lilikuwa tayari. Ukimsalimia habari za asubuhi, hakukujibu nzuri wala mbaya. Alijibu maneno mawili: mvuke upo. Ukimuuliza hali ya mkewe, mvuke upo. Siku aliyong'olewa jino bila ganzi ya kutosha, alitoka kwa daktari wa meno ameshikilia shavu, na jibu lilikuwa lilelile.

Sasa asili ya lile jina. Bomba la moshi la boila limesimama hatua ishirini tu kutoka kwenye kamba zetu za kuanikia. Upepo ukigeuka, masizi yalitua juu ya mashuka mabichi, na shuka likishapata masizi halina adabu tena: unasugua doa moja, yanazaliwa matatu. Wiki yangu ya kwanza kazini nilikusanya mashuka kumi na mawili yenye madoa, nikayakunja vizuri, nikampelekea mlangoni kwake, nikamwambia mzigo wako huo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mpaka kanga nimeifunga sawasawa. Yeye akayapokea, akanipa pole, akachukua beseni na kipande cha sabuni, akayafua yote kwa mikono yake. Halafu akaja kuyaanika kwenye kamba zilezile, upepo uleule. Kufika saa nane mchana yalikuwa na madoa mengi kuliko mwanzo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo ni kaka yangu, na tangu siku hiyo sikuacha kumsema.

Baada ya hapo alitundika kipande cha chuma kando ya mlango wake. Kila saa nne asubuhi, kabla ya kupuliza masizi yaliyoganda ndani ya bomba, alikigonga mara tatu, nasi tukatoka mbio kuanua. Wagonjwa wa wodi ya wanaume walijazana madirishani kututazama, wengine wakishangilia. Daktari mmoja mgeni, siku yake ya kwanza, alidhani ni kengele ya moto, akatoka nje amembeba mgonjwa mgongoni. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekuja kutolewa nyuzi tu, na alikwenda kusimulia mtaani kwao kwamba hospitali yetu ina huduma za ajabu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo yeye hapendi lisemwe, na bila kulisema wasifu huu utakuwa porojo. Nilimwomba ruhusa. Akaniambia niseme, lakini nisilirefushe.

Hospitali ilikuwa na tangi moja tu la dizeli. Humohumo boila linakunywa, humohumo magari mawili ya wagonjwa yanajaziwa. Geji ya tangi iliharibika kabla hata yeye hajaajiriwa, kwa hiyo dizeli ilipimwa kwa ufito uliochongwa alama, kila alama upana wa kidole kimoja. Unauzamisha mpaka chini, unautoa, unaangalia umelowa mpaka alama ya ngapi. Mwaka fulani ufito ule ulikatika kipande cha chini, upana wa vidole vinne. Mzee Masizi hakuchonga mwingine. Alizoea tu kupunguza kichwani: ufito ukisema kumi, yeye anajua ni sita. Alilifanya jambo hilo kila siku kwa wepesi mno, hata akasahau kwamba ni yeye peke yake anayelijua.

Miaka kumi na tisa iliyopita alikwenda kwenye harusi ya mdogo wake, ruhusa ya siku tatu. Aliyemshikia zamu alikuwa fundi bomba, mtu makini kabisa, na aliachiwa karatasi mbili za maelekezo: koki ipi ifunguliwe kwanza, mlio upi ni wa kawaida, mlio upi ukimbie. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa vile vidole vinne. Siku ya pili asubuhi ufito ulilowa mpaka alama ya tano. Gari la kuleta dizeli lilitarajiwa kesho yake, fundi bomba akaona mambo yako sawa. Kumbe tangini mlikuwa na kidole kimoja. Saa tatu boila likazimika. Saa tatu na nusu akaletwa mama mjamzito aliyehitaji kupasuliwa bila kuchelewa, na vifaa vya upasuaji vilikuwa ndani ya mashine, havijatakasika. Ikaamuliwa akimbizwe hospitali nyingine. Dereva akarukia usukani, gari pekee la wagonjwa lililokuwapo likakohoa mara mbili, likafia getini, kwa sababu nalo lilikuwa halijajaziwa na lilikuwa likitegemea tangi lilelile.

Mama yule aliondoka amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo la mfamasia, amezungushiwa mashuka yangu. Alipona. Mtoto naye alipona, na leo ni binti anayesoma chuo. Lakini kwa dakika arobaini hapa hakuna aliyejua kama watapona, nasi tuliokuwapo tunazikumbuka dakika hizo moja moja.

Mzee Masizi aliporudi, hakuna aliyemlaumu. Uongozi ulilaumu waleta dizeli, na fundi bomba alijilaumu mwenyewe mpaka akakonda. Yeye aliuchukua ule ufito, akauweka mapajani, akaniambia kwamba makosa yote ya siku ile yalikuwa na urefu wa vidole vinne na yalikuwa kichwani mwake. Akachonga ufito mpya siku hiyohiyo. Na hakuchukua likizo tena.

Miaka kumi na tisa, jamani! Si siku moja. Nyumba yake iko upande wa pili wa bonde, na kutoka kibarazani kwake bomba la moshi linaonekana vizuri. Siku zake za mapumziko alikaa pale akilitazama, na moshi ukichelewa kidogo alikuwa ameshavaa viatu. Wifi yetu, mkewe, ni mwalimu wa chekechea na ana subira ya kazi yake, lakini hata yeye alikuwa akituambia kwamba alijua dunia ina wake wenza, ila hakutegemea wa kwake awe bomba la matofali na amzidi urefu. Binti yao wa kwanza aliolewa mbali, safari ya siku moja na nusu kwa basi. Alipojifungua, wifi alikwenda peke yake. Mjukuu akatambaa, akasimama, akaanza kusema, na babu hajamshika. Alimjua kwenye kioo cha simu tu, na mtoto akawa anamwita Babu wa Simu. Tulicheka sana aliposimulia hilo. Yeye pia alicheka, halafu akaenda kuangalia geji ya mvuke ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Miaka miwili iliyopita uongozi ukatangaza kwamba dizeli inaondoka. Boila litakuwa la umeme, majiko ya umeme, magari ya wagonjwa ya umeme, na juu ya paa letu la ufuaji zitafungwa paneli za sola. Sisi wa mashuka tulishangilia waziwazi. Mzee Masizi alinuna wiki nzima. Hoja yake ilikuwa moja na hakuibadilisha: dizeli ikipungua utaiona kwenye ufito, lakini umeme ukikatika utaupima na nini?

Msimamizi wa kazi ile alikuwa fundi umeme, mwanamke wa umri wa binti yake. Hakubishana naye. Alikuja na kigoda na daftari, akakaa kwenye chumba cha boila siku kumi na moja akimuuliza maswali. Mabomba yanapita wapi, saa ngapi jikoni wanataka mvuke mwingi, chumba cha upasuaji kinaweza kusubiri dakika ngapi. Mzee Masizi alianza kwa kujibu neno moja moja, akaishia kuongea mpaka chai inapoa. Siku ya mwisho akamweleza vidole vinne. Fundi umeme aliandika, akapiga mstari chini yake, akarudi kwenye michoro yake na kuifuta nusu. Ndiyo maana leo magari ya wagonjwa yana njia yake ya kuchajia na betri zake, na boila lina njia yake na betri zake, na kimoja hakiwezi kukinywea kingine. Watu wakisifu mfumo wetu mpya, wajue kwamba umejengwa juu ya kosa ambalo mtu mzima alikubali kulitamka mbele ya mtoto wa kumzaa.

Lakini hakuwa mtu wa kuamini kwa maneno. Jumamosi moja alimtaka fundi umeme azime umeme wa nje makusudi, aone. Ukazimwa, mitambo ikaendelea. Akasema hiyo bahati, rudia. Ukazimwa tena. Mara ya tatu akataka kila kitu kiwe kinafanya kazi kwa pamoja: mashine zetu za kufulia, jiko, chumba cha kutakasia, magari yote mawili yanachaji. Jaribio lile lilichukua saa nne. Yeye alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, saa mkononi, bila kula wala kuongea. Kilichozimika kilikuwa redio ya mlinzi peke yake, kwa sababu aliichomeka anakojua mwenyewe, na alilalamika kuliko wagonjwa wote. Saa nne zilipotimia, Mzee Masizi alisimama, akajipangusa suruali, akamwambia fundi umeme kwamba mvuke upo. Yule dada hakujua kama amesifiwa. Ilibidi nimwambie.

Magari nayo yalikuwa na vituko vyake. Dereva wetu mkongwe wa gari la wagonjwa, ambaye yeye na Mzee Masizi walinyonya dizeli kwa mpira kwa miaka mingi mpaka chai yao ilikuwa na ladha moja, alipopewa gari jipya aliliwasha mara tatu akalizima mara tatu, akidhani limekufa kwa kuwa halingurumi. Mara ya nne akaamua kupiga king'ora palepale kwenye maegesho ili ajiridhishe kwamba kuna kitu kinachofanya kazi ndani yake. Wodi ya watoto iliamka yote. Sasa analisifia kila anayekutana naye, na anasema mgongo wake umepona kwa kukosa ule mtetemo.

Na mimi nina langu. Asubuhi ya kwanza ya boila jipya nilifanya kosa ambalo nitakufa nalo. Kwa miaka yote ile sisi wa ufuaji hatukuwahi kuuliza kama mvuke umefika. Tulichungulia dirishani: moshi ukiwa mweusi, subiri, ukiwa mwembamba wa kijivu, pakia mashine. Hakuna aliyetufundisha na hakuna mahali palipoandikwa. Basi asubuhi ile nikachungulia, moshi hakuna kabisa. Nikawaambia akina mama tukae, leo mitambo mipya imegoma. Tukakaa. Fundi umeme alikuwa ametufungia taa ya kijani ukutani, inawaka ikimaanisha mvuke tayari, na ilikuwa imewaka tangu saa kumi na mbili na nusu. Mimi nilidhani ni pambo. Saa tano muuguzi mkuu akaja amefura, kwa sababu wapasuaji wamekaa wamenawa mikono na hakuna joho la kuvaa, na operesheni mbili zimesogezwa mchana. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekaa masaa manne nikisubiri moshi utoke kwenye boila lisilochoma kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipoitwa kujieleza, Mzee Masizi aliingia bila kuitwa. Alisema asilaumiwe mtu wa mashuka, kosa ni lake kwa mara ya pili, maana alijua tunasoma moshi wake na hakukumbuka kumwambia fundi. Kisha akatoka, akachukua kwenye kabati langu shuka jeupe kuliko yote, bila kuomba, akapanda ngazi ya chuma ya lile bomba la moshi akiwa na miaka hamsini na tisa, akalifunga kule juu. Akashuka akihema, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo shuka likionekana juu ya bomba, mvuke upo. Nilimfokea kwa ajili ya shuka langu. Nilimfokea zaidi kwa ajili ya ile ngazi. Fundi umeme alikuja akafunga kamba na kapi, ili shuka lipandishwe mtu akiwa chini.

Muuguzi mkuu naye hakuliacha lipite. Fomu zetu za kukabidhi zamu, kuanzia wodini mpaka jikoni, sasa zina sehemu ya mwisho iitwayo vidole vinne. Hapo unaandika lile jambo unalodhani kila mtu analijua. Waajiriwa wapya huuliza jina hilo limetokea wapi, na sisi tunawaonyesha mzee mmoja mwenye kofia ya bluu.

Mwezi wa pili mwaka huu uongozi ulimwandikia likizo kwa nguvu, wiki mbili, aende kwa binti yake. Tulimsindikiza mpaka kwenye basi, kwa sababu tulijua asiposindikizwa atazunguka na kurudi kwa mlango wa nyuma. Nilimwahidi kwamba kila asubuhi nitampigia picha shuka likiwa juu ya bomba na kumtumia. Siku ya kwanza alipokea picha, na bado alipiga simu mara nne. Siku ya pili mara tatu, na moja ilikuwa kuuliza kama ile picha ni ya leo au ya jana. Siku ya tatu nikashika gazeti la siku hiyo mbele ya bomba, nikapiga picha, nikamtumia. Siku ya nne akapiga mara moja. Siku ya tano akapiga mara moja, na nyuma yake nilisikia mtoto anamwita babu, babu tu, bila simu.

Siku ya sita hakupiga. Tulingoja mpaka saa sita mchana, roho juu, tukidhani anaumwa. Nikampigia mimi. Alipokea wifi, akasema simu ya mzee iko mezani tangu asubuhi, mwenyewe yuko uani na mjukuu wanajaza mchanga kwenye kopo na kuumwaga, na hajaiulizia. Niliwaambia akina mama wa ufuaji. Walipiga makofi mpaka mgonjwa wa dirishani akauliza nani kajifungua.

Wasifu huu ulikuwa uishie hapo, na ulikuwa umeshapelekwa kuchapwa. Nimeuomba tena niongeze jambo la Jumanne ya wiki hii.

Jumanne asubuhi shuka halikupandishwa. Mwenye zamu alidhani mwenzake amepandisha, na mwenzake alidhani vivyo hivyo, na kwa aibu yangu hakuna aliyeliandika kwenye vidole vinne. Nililigundua saa nne. Nikakumbuka kwamba kiti cha Mzee Masizi kimeelekea dirishani, na dirisha lake linatazama bomba moja kwa moja. Nilikimbia kama zamani za kuanua mashuka, nikijua nitamkuta ameshafungua kila koki, au amepanda ile ngazi tena.

Nilimkuta kwenye kiti chake. Boila jipya lilikuwa linavuma polepole. Kofia ilikuwa mapajani, kidevu kifuani, na mzee alikuwa amelala fofofo, saa nne ya asubuhi, mbele ya bomba tupu. Miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona amefumba macho mahali pale hata kwa kupiga chafya. Nilisimama mlangoni nikalia, sioni sababu ya kuficha. Kisha nikaurudisha mlango taratibu.

Wakati wa chakula nikamwomba radhi. Akaniambia aliona tangu saa moja kwamba shuka halipo. Alijisemea kwamba Mama Mashuka leo amechelewa, akasinzia.

Bomba la moshi litabomolewa mwezi wa nane, na mahali pake patakuwa pa kuchajia magari. Tuliogopa kumwambia. Alipoambiwa aliuliza tu matofali yatapelekwa wapi, kwa sababu kibaraza chake kinahitaji kurefushwa, maana mjukuu anakuja kukaa naye likizo. Wifi, hongera, mke mwenza anaondoka. Tunakushukuru kwa kutuazima mume wako hata siku ambazo hatukuwa na haki naye. Fundi umeme, ahsante kwa kigoda chako na kwa kusikiliza. Fundi bomba, popote ulipo baada ya kustaafu kwako, mzee anakusalimu kila tunapokutaja, na anasema hukukosea.

Idara ya ufuaji inampa zawadi ya mashuka mawili meupe ya kitandani. Yamefuliwa kwa mvuke wa umeme, yameanikwa kwenye kamba zetu, hatua ishirini kutoka kwenye bomba lile. Nimeyakagua mwenyewe pande zote mbili, juani, nimevaa miwani. Hayana doa hata moja.

Kaka, tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na haraka, mkeo karibu, mjukuu mapajani, na viatu vyako vikae chini ya kitanda mpaka utakapovitaka mwenyewe. Hapa usituwazie. Mvuke upo. Yatandike hayo mashuka, ulale.